Mwantum na Sanduku la Herufi

Siku Zaidi aliporudi mnadani na gramafoni badala ya baiskeli, mkewe Mwantum alishika kiuno, akamtazama kuanzia kofia mpaka makubadhi, akamuuliza, "Hii utaipanda vipi kwenda kazini?"

Zaidi akaitua mashine chini. Alikuwa dereva wa lori la kuteremsha kahawa kutoka mlimani kuja stesheni ya Moshi, na kutoka kwao Majengo mpaka lilipolala lori ni mwendo wa kumchosha punda. Baiskeli ilikuwa na maana. Lakini kule shambani kwa Mzungu mmoja aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, njia ya Bomang'ombe, baiskeli ilichukuliwa na mtu mwenye sauti kubwa kuliko yake. Zaidi akaona haya kurudi mikono mitupu, akainua mkono kwa kitu kilichofuata. Wapo wanaume waliooa mke wa pili kwa namna hiyohiyo.

"Na hilo sanduku?"

"Santuri. Zimekuja pamoja na mashine."

"Za taarabu?"

"Za Kizungu."

"Zote?"

"Mke wangu, Mzungu angekaa na taarabu afanye nayo nini?"

Mwantum alikuwa mwanamke wa maneno, waulize wote waliowahi kununua vitumbua vyake asubuhi, lakini siku hiyo maneno aliyaachia sufuria. Aliingia jikoni akaanza kugonganisha sufuria. Zaidi, masikini ya Mungu, akazungusha hendeli, akaweka sindano, akarudi nyuma kama mtu aliyewasha fataki. Ikatoka sauti ya bibi mmoja wa Kizungu, nyembamba, inapanda, inapanda, haitaki kushuka. Sufuria zikanyamaza. Mwantum akatokeza mlangoni na mwiko mkononi, unga unadondoka.

"Huyo mwanamke," akasema, "anapumulia wapi?"

Toka hapo baiskeli haikutajwa tena.

Sasa sanduku lenyewe. Lilikuwa la mbao, limegawanywa ndani kwa vibao vyembamba, na juu ya kila kibao imechorwa herufi moja nyeupe. Mwantum alisoma chuoni kwa maalimu, na herufi za Kiarabu alizijua kama vidole vyake. Hizi za Kizungu hakuzijua. Zaidi alizijua kidogo, kwa kusoma namba za malori na vibao vya stesheni, akamwambia mkewe kwamba hii ya kwanza ni A, inayofuata ni B, na kwamba zina mpangilio wake usiovunjwa. Hilo la mpangilio Mwantum alilipenda. Akapiga marufuku palepale: hairukwi herufi. Watakula sanduku lile kama uji wa moto, kwa kuanzia pembeni. Wakimaliza A ndipo waguse B, na herufi moja itakaa juma zima mpaka wameshiba.

Kila alasiri vitumbua vilipokwisha, aliketi ukumbini, akavuta herufi ya juma, na kabla ya kuweka sindano alitangaza kwa sauti ya kufika mtaa wa pili: "Leo tuko C!"

Kwa nini atangaze kwa sauti kubwa hivyo? Kwa sababu ya ukuta. Na upande wa pili wa ukuta aliishi Mwanajuma.

Mwanajuma ni dada yake, tumbo moja, mkubwa wake. Nyumba ilikuwa ya mama yao, ikagawanywa kati kwa ukuta wa udongo. Mama huyo ndiye aliyeongoza lelemama pale mjini enzi zake, wanawake wamejipanga safu kwenye mkeka, wanagonga pembe za nyati kwa vijiti, mabega yanakwenda taratibu kwa adabu, na yeye mbele anagonga upatu wake wa shaba. Alipofariki, arobaini ilipokwisha tu, kila binti akasema upatu ni wangu. Mwanajuma akasema mdogo wake anaimba kama bawaba ya mlango. Mwantum alifanya baya zaidi: asubuhi yake alimpita dada yake kisimani bila kumwamkia.

Mdogo kumpita mkubwa wake bila shikamoo, mbele za watu! Afadhali angempiga kofi.

Basi chama cha lelemama cha mama yao kikavunjika vipande viwili. Wa Mwantum wakajiita Mkufu, wa Mwanajuma wakajiita Kikuku. Kaka yao Fikirini, fundi cherehani, akautwaa upatu na kuutundika ukutani juu ya cherehani yake, akasema hautashuka mpaka siku ya harusi ya binti yake Zuleha. "Siku hiyo mtacheza wote mbele ya watu. Atakayewakonga watu nyoyo atauchukua. Atakayeshindwa atavunja chama chake na kumfuata mwenzake nyuma. Nimechoka na nyinyi."

Mwantum alikula kiapo kwamba upatu ni wake. Alitaka kumwona dada yake akija nyuma yake kwenye mkeka, akimfuata kwa hatua. Hilo alilisema kwa kila mtu. Ambalo hakulisema ni kwamba zamani chakula kikiiva walikuwa wakigongeana ukuta kwa mchi, na kwamba mara nyingi alijikuta ameshika mchi ule, amesimama mbele ya ukuta, kama mjinga. Akaurudisha kinuni.

Gramafoni ikaja kama jibu la dua. Wimbo ambao hakuna sikio la Moshi lililowahi kuusikia, autie maneno ya Kiswahili, auingize kwenye mkeka! Kikuku watapata wapi kitu kama hicho? Ilibaki kujua ni wimbo gani unafaa harusi.

Na hapo, ndugu yangu, ndipo akili yake ilipofanya kazi kupita kiasi.

Kwao nyimbo hazichanganywi. Ya harusi ni ya harusi, ya unyago ni ya unyago, ya kubembelezea mtoto ina mahali pake, na ole wako uimbe ya msiba penye pilau. Kwa hiyo Mwantum alipoona sanduku lina vyumba hakuwa na shaka hata chembe: Mzungu naye amezipanga kwa shughuli zake, na herufi ndiyo alama ya shughuli. Kilichobaki ni kuitazama herufi vizuri.

"B hii," alimwambia Zaidi, "tazama tumbo lake. Mwanamke mjamzito huyu. Hizi ni za kumwimbia mzazi." Zaidi akatazama, akaona kweli, tumbo lipo, na kifua kipo. Wakapiga B, zikawa za taratibu, tamu, mtu unaweza kumlazia mtoto. Mwantum akampiga mumewe begani kwa furaha mpaka akapepesuka. C ilikuwa mwezi mwandamo, hiyo haikuhitaji mjadala, na walipoipiga wakasikia kengele na wakaona mfungo mtupu. E ilikuwa kitana cha kuchania nywele, nyimbo za wanawake wakisukana. H ilikuwa kitanda na miguu yake, na juma zima la H Zaidi aliwahi kurudi kutoka kazini.

J iliwachanganya kidogo. Ina umbo la ndoana, ikatarajiwa ya wavuvi, kumbe ni mzee mmoja anacheka mwanzo hadi mwisho na wenzake wanapiga tarumbeta. Mwantum hakutetereka. "Kila ukoo una mkorofi wake," akasema, akaendelea.

Halafu wakafika L.

Alipoitoa tu, alipiga kigelegele kabla ya sindano kugusa. "Mguu! Zaidi, mguu na unyayo wake! Hizi ndizo za kucheza!" Na ya kwanza ikawa ya kucheza kweli, tarumbeta zinakimbizana, Mwantum akafunga kanga kiunoni akazunguka mpaka kuku wote wakatoka nje. Ya pili hivyohivyo. Ya tatu ikaanza pole pole, sauti nyingi za wanaume peke yao, hakuna kinanda, hakuna ngoma, zinakwenda kama watu wanaoshuka ngazi kwa heshima. Mwantum akakaa chini. Akasikiliza na mkono kifuani.

"Huu nao mguu," akasema kwa sauti ndogo. "Mguu unaokwenda taratibu. Huu ni wa bibi harusi anatoka chumbani. Huu ni lelemama, Zaidi. Wallahi hawa Wazungu wana lelemama yao!"

Wanawake wa Mkufu walijazana ukumbini siku zote zilizobakia. Walizungusha hendeli mpaka mikono ikauma, walichukua sauti ile kipande kwa kipande, wakaitia pembe na maneno ya Mwantum mwenyewe:

*Karibu bibi harusi, njoo ukae kitini,*
*Jirani aliye kimya, leo atasema nini?*

Mstari wa pili uliimbwa nyuso zote zimegeukia ukuta. Upande wa pili hakukusikika hata kikohozi.

Siku ya harusi uwanja wa Fikirini ulifurika. Watu wa mjini walikuwa kwenye mikeka, na kwenye mabenchi ya mbele walikaa wateja wake wakubwa, wakulima wa kahawa kutoka Kirua Vunjo, wote kwenye makoti aliyowashonea yeye. Kati yao alikuwa Mzee Primus na mkewe Mektrida. Huyu Primus alikuwa rafiki wa Fikirini wa miaka mingi, na ndizi zote za harusi ile zilitoka kihambani kwake, shamba la migomba la nyumbani, bure. Koti lake lilikuwa jeusi. Alikuwa amemzika mama yake muda si mrefu, na alikuja harusini kwa sababu ya urafiki tu.

Mkufu wakaanza. Wamevaa kanga sare, wamejitia wanja, wananukia. Pembe zikalia kwa pamoja, Mwantum akafumbua kinywa, na ile sauti ya L ikatoka.

Mzee Primus aligeuza kichwa. Akamtazama mkewe. Kisha mkono wake ukapanda pole pole, akavua kofia, akasimama. Na wakulima wote wa benchi lile wakavua kofia, wakasimama.

"Wametuinukia!" Mwantum akawanong'oneza wenzake. "Tieni mabega!"

Wakatia mabega. Wakazidisha sauti. Wakulima wakafanya ishara ya msalaba, mmoja akapiga goti kwenye vumbi na suruali yake mpya. Mektrida akaanza kulia, kilio cha sauti hasa, na wanawake wa Mkufu wakaona kweli leo wamefika mahali, wakamsogelea wakimchezea mbele yake, huku na huku, viuno vinaongea. Zuleha, bibi harusi, kwa kuona mgeni analia namna ile, naye akaangua kilio na wanja ukamtiririka mpaka kidevuni. Bwana harusi akauliza kwa sauti, "Jamani, amekufa nani?"

Fikirini alikuja mbio, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Mzee Primus akamwambia, taratibu, lakini kila mtu alisikia, "Fikirini, wimbo huu ndio waliomwimbia mama yangu jeneza likitoka kanisani. Leo wanawake wako wanaukatikia viuno. Tumekukosea nini?"

Akavaa kofia yake. Akampa mkono mkewe, wakaondoka, na benchi lote likawafuata.

Pembe ya Mwantum ilimponyoka. Alitamani ardhi ipasuke. Macho yote ya uwanja yakaenda kwa Mwanajuma, maana zamu ilikuwa yake na ushindi ulikuwa umelala pale mkekani, kazi ni kuinama na kuuokota. Kikuku wenzake walikuwa tayari wamejipanga.

Mwanajuma alimtazama mdogo wake. Kisha akawageukia wanawake wake. "Kunjeni mkeka," akasema. "Leo hatuchezi." Akatoka bila kuaga.

Mwantum aliyachukua maneno yale kama mkuki. Ameona hata kushindana na mimi ni aibu, akajisemea. Upatu ukabaki ukutani. Fikirini hakuongea na dada zake, wote wawili. Gramafoni ikafunikwa kanga kama maiti, na ukumbini hapakutangazwa herufi tena.

"Mlima ni wa kina Mzee Primus," Zaidi akamwambia siku moja, akimwona hali vitumbua wala hauzi vyote. "Kosa limewaangukia wao, na dawa iko kwao. Nenda na isale."

Isale ni jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba vya Wachaga, na hata watu wa mjini tulikwisha jua kazi yake. Aliyekosa akilipeleka kwa aliyemkosea, limefungwa fundo, basi maneno yamekwisha. Mtu haruhusiwi kulikataa, hata awe na hasira ya namna gani.

"Wataniangulia kicheko," Mwantum akasema.

"Afadhali wacheke. Mara ya mwisho uliwaliza."

Basi akapanda lori la mumewe siku ya safari ya Vunjo, gramafoni mapajani, sanduku la herufi miguuni. Alilibeba makusudi. Alitaka kumpa Mzee Primus ile santuri ya wimbo wa mama yake, iwe mali yake, na yeye asiione tena. Njiani kila tuta lilipolirusha lori alisema bismillahi kwa niaba ya sindano.

Mektrida alikuwa mpakani mwa kihamba chao anakata majani ya ng'ombe. Alipomwona Mwantum anashuka na mzigo ule, akaweka mundu chini. Wakasalimiana kwa baridi.

"Nimekuja kumwomba radhi mzee," Mwantum akasema. "Na wewe pia. Wallahi hatukujua. Sisi wimbo wa maziko wa kanisani tungeujulia wapi? Nimesikia lazima nije na isale, lakini Majengo halioti."

Mektrida alimkazia macho. Kisha midomo yake ikaanza kucheza. "Yaani unataka nikupe isale la mpaka wangu, ukampelekee mume wangu, uniombe radhi mimi?"

"Ndiyo, mama."

"Mae!" Mektrida akacheka, akajishika mbavu. Akanyoosha mkono, akachuma jani moja, akalifunga fundo. Kisha akachuma la pili.

"La pili la nini?"

"Umekuja hadi huku kwa gari. Hakuna mwingine uliyemkosea?"

"Hakuna," Mwantum akajibu, haraka mno.

"Haya. Lishike tu."

Mzee Primus alikuwa ameketi kivulini mwa migomba. Mwantum alipiga goti, akamwamkia, akalitoa jani kwa mikono miwili. Mzee alilitazama jani.

"Isale halikataliwi," mzee akasema, akalipokea. "Inuka, mama. Nitakwambia ukweli. Mama yangu mwenyewe angekuwepo pale, angecheka mpaka adondoke benchini. Alipenda ngoma yule! Mimi ndiye niliyelia, kichinichini." Akatazama mzigo. "Ndiyo mashine yenyewe hiyo? Hebu niusikie vizuri, bila viuno."

Zaidi akazungusha hendeli. Sauti za wanaume zikashuka ngazi zao kwa heshima, katikati ya migomba. Mzee Primus alisimama, kofia mkononi, akausikiliza mpaka mwisho, na safari hii alilia bila kujificha, na Mwantum alilia naye. Kisha Mwantum akamkabidhi santuri ile iwe yake, na mzee akapenga makamasi, akashukuru, "Aika. Na humo ndani kuna nini kingine?"

Zaidi alichukua iliyokuwa karibu, ile ya kwanza ya L, ile ya tarumbeta zinazokimbizana. Ng'ombe wakainua vichwa bandani. Mguu wa mzee ukaanza kutikisika peke yake. Ukafuatiwa na wa pili. Koti jeusi likavuliwa likatundikwa kwenye mgomba, na Mzee Primus akacheza na fimbo yake kama kijana aliyelipwa kahawa leo, Mektrida anapiga makofi, majirani wanachungulia juu ya masale ya mpakani, na Mwantum akasahau aibu yake yote akafunga kanga kiunoni.

Walipochoka, wakala kiburu cha moto cha ndizi na maharage, na Mwantum akaleta swali lililokuwa likimkereketa. "Mimi kinachonishinda ni hiki. Mzungu gani anaweka wimbo wa maziko pamoja na ngoma? Hii yote ni L. Ni mguu!"

"Mguu gani?" Mektrida alikuwa amesoma kidogo kwa masista. Akazitoa santuri, akazisoma katikati, kwenye karatasi zake za duara, moja baada ya nyingine, akaanza kucheka upya. "Dada yangu, hapa hakuna mguu. Wametazama jina la wimbo linaanza na herufi gani, wakautumbukiza humo. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Harusi na msiba chumba kimoja, kwa sababu ya jina tu?"

"Kwa sababu ya jina tu. Kama wangetupanga sisi, mimi Mektrida ningeingia M. Na wewe Mwantum ungeingia M." Akalamba kijiko. "Na yule dada yako aliyekunja mkeka, anaitwa nani vile?"

Mwantum alifungua kinywa akajibu, "Mwanajuma." Kisha akakifunga. Akabaki ameshika sahani.

"Basi na yeye yumo," Mektrida akasema. "Habari zake zilipotufika huku, alinishangaza. Ningekuwa mimi ningecheza nikachukua upatu wangu. Yule anakupenda."

Mwantum hakulala kwenye lori wakati wa kurudi, na wala hakuongea, jambo ambalo lilimtia Zaidi wasiwasi akadhani amekula vibaya. Jani la pili lilikuwa mapajani mwake. Walipofika Majengo jua lilikuwa bado lipo. Alishuka, hakuingia kwake. Akazunguka ukuta.

Mwanajuma alikuwa mlangoni anachambua mchele. Aliinua uso.

Mwantum alipiga goti pale kizingitini, mbele ya majirani, mbele ya wanawake wa Kikuku waliokuwa wakipita, akanyoosha jani kwa mikono miwili.

"Shikamoo, dada."

Mchele ulikuwa unamwagika pembeni ya ungo na Mwanajuma hana habari. Alilitazama jani la Wachaga. Alimtazama aliyelibeba.

"Marahaba," akasema. Akalichukua jani akalitia kwenye kifua cha gauni. "Marahaba, mdogo wangu. Inuka, utachafua kanga."

"Kwa nini hukucheza siku ile?"

"Nicheze juu ya mgongo wako? Umelala chini, mimi nicheze?" Mwanajuma akajifuta macho kwa kiganja, kisha uso wake ukabadilika ghafla, ukawa ule wa zamani, wa kugombana juu ya ukoko wa wali. "Na wewe unapata wapi akili ya kuacha katikati? Nimekaa na sikio langu ukutani tangu A! Mmefika L, mara kimya. Kila siku nangoja, kimya. Ya J nilicheka peke yangu mpaka jirani akaja kuniangalia kama nimepandwa na mashetani. Baada ya L inakuja nini?"

"M."

"Iko wapi?"

"Kwenye lori."

"Ilete!"

Mwantum alicheka, akalia, akacheka tena. "Dada, M ndiyo sisi. Nimeambiwa leo. Kwa mpango wa Mzungu, mimi na wewe tumo chumba kimoja."

"Hilo mama alilisema bila sanduku," Mwanajuma akajibu, akasimama kukung'uta pumba.

Zaidi aliingiza gramafoni kwa Mwanajuma, mara ya kwanza tangu ukuta ule ujengwe. Mtu alikwisha kimbia dukani kwa Fikirini na habari, maana Majengo habari hazingoji, na Fikirini alikuja na upatu kwapani, hajaulizwa, akauweka mkekani katikati yao, akaketi bila neno. Mwantum akatia mkono kwenye chumba cha M akatoa ya kwanza. Hawakujua kama ni ya harusi au ya msiba. Wakafunga kanga viunoni, wakaweka sindano.